Maskani ya Mungu kwa Jirani Zetu Wakristo

Palikuwa na fundi seremala mmoja, Mtaita, aliyekuwa na karakana yake Majengo hapa Mombasa, nyuma ya nyumba niliyokuwa nikikaa. Alikuwa Mkristo wa Kikatoliki, na ni nyumba chache mtaani petu, za Waislamu na zisizo za Waislamu, ambazo milango yake haikupitia mikononi mwake. Baada ya sala ya alasiri baadhi yetu tulikuwa tukenda kukaa kwenye viti vyake visivyokwisha kuundwa, tukazungumza huku yeye akipiga randa.

Siku moja nilimkuta ameshika kikasha cha mvule, urefu wake haufiki dhiraa moja. Kilikuwa na kilango chenye bawaba za shaba na tundu la ufunguo, naye alikuwa akikipiga msasa kwa utaratibu ambao sikumwona nao hata kwa kitanda cha harusi.

"Fundi, hiki cha bibi harusi gani?" nikamwuliza.

"Hiki si cha harusi, sheikh wangu. Ni cha kanisani. Humo huwekwa Ekaristi, mkate mtakatifu. Sisi twaamini Bwana yumo."

Nami, kwa kuwa baraza lilikuwa limejaa, nikasema, "Basi Mungu wenu mwamtia kufuli? Mwachelea asije akatoroka?"

Watu wakacheka sana. Fundi hakukasirika. Alikiweka kikasha juu ya meza, akakifunika kwa kitambaa, kisha akanambia kwa sauti ya chini, "Hilo ni suali, sheikh wangu, na jibu lake lipo. Lakini si la kujibiwa mbele ya watu wanaocheka. Njoo siku moja peke yako nikueleze."

Nikasema inshallah. Sikwenda. Mwaka haukumalizika akaugua, akalazwa, na kila siku nilipokumbuka kwenda kumtazama nikajiambia kesho. Nasema kweli: kilichonizuia si kazi tu. Niliona haya kukaa kando ya kitanda cha mtu niliyemfanyia mzaha katika dini yake. Kesho hiyo haikufika. Nilipopata habari, alikuwa amekwisha kufa.

Siku ya maziko tulisimama nje ya kanisa, Waislamu kiasi cha kumi, chini ya mwarobaini. Mlango ulikuwa wazi. Kwa mbali, nyuma ya jeneza, niliona taa nyekundu ndogo inawaka, na karibu yake kile kikasha cha mvule. Hapo ndipo suali langu liliponirudia, na safari hii si kwa mzaha. Je, Wakristo wanaamini Mungu hukaa wapi?

Jibu ambalo ningalilipata kwa fundi bila ya taabu imenibidi nilitafute kwa padre mmoja mzee, kwa katekista, na katika vitabu vyao. Haya ndiyo niliyoyapata.

HEMA LA JANGWANI

Jambo la kwanza nililofahamishwa ni kwamba Wakristo hawaanzi hesabu hii kanisani. Huianzia jangwani kwa Nabii Musa. Kwa mujibu wa Taurati waliyo nayo, Wana wa Israili walipotoka Misri walikaa mahemani, na Mwenyezi Mungu akamwamuru Musa apigishe hema moja zaidi liwe alama ya kuwa Yeye yu pamoja nao. Ndani yake palikuwa na vyumba viwili, na katika chumba cha mwisho liliwekwa sanduku la mti wa mshita lililofunikwa kwa dhahabu ndani na nje, urefu wake dhiraa mbili u nusu, upana wake na kimo chake dhiraa moja u nusu. Ndani yake ziliwekwa mbao za mawe zenye amri. Chumba hicho hakuingia mtu ila kuhani mkuu, naye kwa siku moja tu katika mwaka.

Sanduku hilo si geni kwetu. Aliyesoma Suratul Baqara atakumbuka kisa cha Taluti, na lile sanduku liitwalo Tabut, lililokuwa ishara ya ufalme wake na ambalo ndani yake mlikuwa na Sakina itokayo kwa Mola.

Na hapa, ndugu msomaji, sisi watu wa lugha tuna jambo la kutazama. Hema lile kwa Kiebrania huitwa mishkan, na mzizi wake ni neno lenye maana ya kukaa. Wayahudi wakatoa katika mzizi huohuo neno Shekina, yaani kuwapo kwa Mungu kati ya watu. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, nacho kina sakana, kukaa; maskan, mahali pa kukaa; na Sakina, utulivu autiao Mungu katika nyoyo. Sisi wa pwani tumeyachukua yote mawili: Sakina tumewaita binti zetu, na maskani tumepaita pale tunapokaa tukanywa kahawa tukazungumza. Kumbe kila jioni tunalitaja jina la hema la Musa bila ya kujua.

Wala si hilo peke yake. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa na kuanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hebu yasikilize maneno ambayo Wakristo huyatumia hadi leo kwa mahali pa Mungu: kanisa, hekalu, madhabahu, hema. Yote asili yake ni Kiarabu. Mkristo wa bara asemapo kwa Kiswahili juu ya nyumba ya Mola wake, aghalabu husema kwa maneno yaliyopita kwetu kwanza.

NYUMBA YA NABII SULEIMANI

Baada ya hema likaja hekalu. Nabii Suleimani, kwa masimulizi yao, alilijenga Yerusalemu kwa muda wa miaka saba, kwa mawe na mierezi ya Lebanoni, na chumba cha ndani kilikuwa dhiraa ishirini kila upande. Lakini katika dua yake ya siku ya kulifungua, yeye mwenyewe aliuliza: je, yule ambaye mbingu zote hazimtoshi, atatoshaje katika nyumba hii niliyoijenga? Dua hiyo imo katika Biblia yao. Nilipoonyeshwa niliona haya kidogo, kwa sababu suali nililomtupia fundi kwa kejeli lilikwisha kuulizwa na mjenzi wa nyumba yenyewe, kwa unyenyekevu, mbele ya watu wake wote.

Hekalu hilo likavunjwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Masihi, na lile sanduku halikuonekana tena. Likajengwa la pili. Mwaka 63 kabla ya Masihi, jemadari wa Kirumi jina lake Pompey aliuteka mji, akataka kumwona huyo Mungu wa Wayahudi. Akapita penye pazia akaingia katika chumba cha ndani kabisa. Wanahistoria wa Kirumi wameandika kwamba hakukuta sanamu yoyote. Chumba kilikuwa kitupu. Kisha mwaka 70 baada ya Masihi, Warumi wakalibomoa hekalu hilo la pili, wala halikusimamishwa tena.

MTU BADALA YA NYUMBA

Mpaka hapo Muislamu na Mkristo wanaweza kwenda njia moja bila ya ugomvi mkubwa. Kuanzia hapa njia inagawanyika, na ni wajibu wangu kuieleza njia yao kama waionavyo wao, si kama tuionavyo sisi.

Wakristo huamini kwamba hema na hekalu vilikuwa mfano tu wa jambo lililokuwa likija. Wasema kwamba Mungu alipotaka kukaa na watu hakuchagua tena jengo. Alichagua maisha ya mwanadamu. Ndiyo sababu wamemwita Yesu kwa jina la Imanueli, maana yake Mungu pamoja nasi. Katika Injili ya Yohana, mahali paelezwapo kwamba Neno alikuja kukaa na watu, Kiyunani chake kimetumia kitenzi chenye maana ya kupiga hema. Aliyeandika hivyo alitaka msomaji alikumbuke hema la Musa.

Kwa hivyo kwao, suali la Mungu yuko wapi lina jibu la jina la mtu. Injili zao zasimulia kwamba saa ya kufa kwake Yesu, lile pazia la hekalu lililokizuia chumba cha ndani lilipasuka vipande viwili toka juu hadi chini. Padre alinifahamisha maana yake kwao: kile chumba cha mara moja kwa mwaka sasa kimefunguliwa kwa kila mtu.

Ama namna gani Mungu na mwanadamu wanakutana katika mtu mmoja, hilo liliwasumbua wenyewe karne nyingi. Mwaka 451 maaskofu wao walikutana Kalkedoni, karibu na mji ambao leo ni Istanbul, wakakata shauri kwamba ni nafsi moja yenye asili mbili, zisizochanganyika wala zisizotengana. Wako Wakristo wa Misri, Ethiopia, Armenia na Sham ambao hawakuukubali msemo huo, na makanisa yao yamebaki mbali hadi leo.

Kisha wakaendelea mbele. Baada ya Yesu kuondoka duniani, siku ya Pentekoste, wao husema Roho Mtakatifu aliwashukia wafuasi wake, na tangu siku hiyo maskani yakawa watu wenyewe. Paulo, ambaye kazi ya mikono yake ilikuwa kushona mahema, aliwaandikia watu wa Korintho kwamba wao ndio hekalu. Nilimwuliza katekista, "Basi kanisa la mawe ni la nini?" Akanijibu, "La kutukinga na mvua, mzee. Kanisa ni sisi." Kisha akacheka, akaongeza kwamba padre asingelipenda kulisikia limesemwa namna hiyo.

MKATE NA TAA

Hakika padre hakulipenda, kwa sababu Mkatoliki anaamini zaidi ya hapo. Katika Misa, padre anapoyatamka juu ya mkate na divai maneno aliyoyasema Yesu usiku wa mwisho alipokula na wanafunzi wake, wao huamini kwamba mkate ule si mkate tena ila kwa sura na ladha yake. Unaobaki huwekwa katika kikasha kilicho imara, kisichopitisha jicho, kilichofungwa kwa ufunguo, na taa huwashwa karibu yake usiku na mchana.

"Ufunguo ni wa nini?" nikamwuliza padre. Hili ndilo lililokuwa suali langu la Majengo.

Akasema, "Hatumfungii Yeye, sheikh. Twawafungia wale wasiomheshimu. Wewe Msahafu wako huuweka wapi?"

Nikanyamaza, kwa sababu Msahafu wangu nimeuweka juu ya kabati, umefungwa katika kitambaa cha hariri, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Akanieleza pia kwamba mkate huo ulianza kuwekwa kwa ajili ya wagonjwa, wale ambao hawakuweza kufika kusali pamoja na wenzao, ili wapelekewe kitandani.

Isidhaniwe kwamba Wakristo wote ni kauli moja katika jambo hili. Mwaka 1529 Martin Luther na Ulrich Zwingli, wote wawili waliokwisha kutengana na Roma, walikutana Marburg huko Ujerumani kulizungumza. Luther alishikilia kwamba Yesu yumo hasa katika mkate. Zwingli akasema ni ukumbusho tu. Wakaachana bila ya kupatana. Na huko magharibi ya Kenya yetu kuna Wakristo waitwao Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote. Hao hawana ubatizo wa maji wala karamu ya mkate. Kwao nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, na hapahitajiwi kitu cha kushikwa kwa mkono.

TUNAPOACHANA NAO

Sisi, waama, hatukubali. Sura ya Ikhlas tumeihifadhi kabla ya kujua kufunga kikoi, na wanavyuoni wetu wamelikataa jambo la hulul, yaani Mwenyezi Mungu kuingia akakaa ndani ya kiumbe. Nabii Isa kwetu ni mtume mtukufu, mwana wa Mariamu, wala si zaidi. Sikuandika makala haya ili kuupunguza mpaka huo hata shibiri moja, na padre naye hakunitaka niupunguze.

Lakini kuukataa usemi ni jambo moja, na kumzulia mtu usemi asiousema ni jambo jingine. Mara ngapi tumeudhika tuliposikia mgeni akisema Waislamu huabudu jiwe jeusi, au kwamba Mungu wetu anakaa katika nyumba ya Makka? Sisi twaijua Kaaba. Twaiita Baitullahi, Nyumba ya Mungu, na ndani yake mna nguzo tatu na taa zilizotundikwa, basi. Hatusemi kwamba Mola anaishi humo. Na Seyyidna Umar alipolibusu Jiwe Jeusi alitamka waziwazi kwamba alijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi. Tunataka wageni watuulize kabla ya kutuhukumu. Fundi wangu alitaka jambo hilohilo, na aliliomba kwa adabu.

Ukipita Barabara ya Nkrumah hapa mjini utaliona kanisa kuu la Kianglikana, lililofunguliwa mwaka 1905. Lina kuba na matao ya namna ya Kiarabu, hata mgeni aliyeshuka jana huweza kudhani ni msikiti. Waliolijenga walitazama namna sisi tunavyojenga, wakaiga walichokipenda. Kuitazama nyumba ya jirani si kuhamia ndani yake.

MGONJWA KITANDANI

Nimeliacha nyuma jambo ambalo padre alilisema mwisho, tulipokuwa tumekwisha kuagana.

Alisema, "Sheikh, nimekueleza hema, hekalu, mtu na mkate. Lakini pana mahali pengine." Akanisimulia katika Injili ya Mathayo, kwamba siku ya hukumu Mfalme atawaambia watu alikuwa na njaa, alikuwa uchi, alikuwa mgonjwa, alikuwa kifungoni, na wengine walimwendea na wengine hawakumwendea. Wao watauliza, lini tulikuona wewe katika hali hiyo? Na jibu litakuwa kwamba walilomtendea mdogo kabisa wa ndugu zake ndilo walilomtendea yeye.

Nikahisi moyo umenishuka, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayo. Niliyasoma chuoni ningali kijana, katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Abu Huraira na kuandikwa katika Sahihi ya Muslim. Humo Mwenyezi Mungu atamwuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atashangaa: wewe ni Mola wa viumbe vyote, nitakuzuru vipi? Naye ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angalikwenda kumtazama angalimkuta Mola wake yuko naye. Wanavyuoni wetu wametufunza kwamba maana yake ni rehema na thawabu zake, si dhati yake kuingia katika mwili. Sawa. Lakini amri ya kwenda iko palepale, na hakuna taawili ya kuiondoa.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikishindana na fundi, moyoni mwangu, juu ya kikasha. Na mahali ambapo kitabu chake na Hadithi yangu vilinipeleka pamoja palikuwa ni wadini ya wagonjwa, safari ya dakika chache kwa matatu, nami sikwenda.

Nilimwendea mjane wake nikamweleza ule mzaha na ile kesho yangu. Akanisikiliza, akanitengenezea chai. Kisha akasema, "Shemeji, alikuwa akikuuliza. Alisema una suali lako kwake." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kusema.

Siku hizi nikisikia jirani kaugua, wa dini yoyote, sisemi kesho. Na ubeti huu niliutunga usiku wa siku ile niliyotoka kwa mjane:

Nimeuliza maskani, ya Mola wetu Jalali,
Mbingu hazimweki ndani, seuze mbao, kufuli,
Mgonjwa wa kitandani, humwendei, humjali,
Utajibu neno gani, siku ya hilo suali?

Wallahu aalam.